Wenyeviti Wawili, Gari Moja

Nina umri wa miaka thelathini na mbili, sijaolewa, na ninaishi Malaba, karibu na pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Uganda. Niiteni Amoit, ingawa si jina langu. Siku hizi ninatengeneza printa na simu za watu kwenye kibanda cha mabati. Zamani nilikuwa na kazi ya heshima. Niliipoteza kwa mikono yangu mwenyewe, na pamoja nayo nikampoteza mtu niliyempenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja...

Wasomaji wenzangu, msinihurumie kabla hamjasikia. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mniamulie mnavyotaka.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika dogo la kuwafikisha hospitali akina mama wajawazito. Tulikuwa na waendesha boda boda kadhaa kwa safari nyepesi, na ambulensi kwa hali mbaya. Ambulensi moja tu! Kila kijiji kilikuwa na mama wa afya. Akiona mjamzito amezidiwa, anatuma ujumbe kwa simu kwenye kituo kilicho karibu naye, na kompyuta inaamua nani atumwe.

Kompyuta zenyewe zilikuwa tatu: Busia, Malaba na Nambale. Zilikuwa tatu ili moja ikizimika kazi isisimame. Lakini gari ni moja, kwa hiyo amri lazima itoke mahali pamoja. Ndiyo maana mashine hizo zilikuwa zinafanya uchaguzi. Naam, uchaguzi! Kama akina mama wa chama wanavyomchagua mwenyekiti wao. Mashine ikipata kura mbili kati ya tatu inakuwa mwenyekiti, na hiyo peke yake ndiyo inayotuma gari. Kila baada ya sekunde chache inawaambia wenzake: nipo, nipo. Wakiacha kuisikia, wanachagua nyingine.

Kulikuwa na sheria moja zaidi. Mwenyekiti akikosa kumsikia hata mwenzake mmoja, lazima ashuke kitini papo hapo na anyamaze. Kwa nini? Kwa sababu huenda wale wawili wameshachagua mwingine, na yeye hana habari! Akishuka, kengele inalia ofisini, na fundi anachukua simu anauliza kituo kingine: gari liko wapi?

Sheria hiyo aliiandika rafiki yangu Nekesa.

Nekesa alikuwa fundi wa Busia. Tulisoma chuo kimoja, tukalala chumba kimoja, tukavaliana nguo. Baba yangu alipofariki, ni yeye aliyekaa na mama yangu jikoni wiki nzima, akisonga ugali wa waombolezaji kama binti wa nyumba ile. Mtu wa namna hiyo unamlipa nini?

Mimi nilimlipa wivu.

Shida ilikuwa mahali kituo changu kilipokuwa. Mlioishi mpakani mnajua. Unakaa sebuleni kwako Kenya, simu inakukaribisha Uganda! Modemu yetu ilikuwa hivyo hivyo. Mtandao wa Kenya ukilegea kidogo, laini inadakwa na minara ya ng'ambo. Ujumbe wa simu unaendelea kuingia na kutoka vizuri, lakini intaneti inakatika, na ni kwa intaneti mashine zilikuwa zikisikilizana. Basi Malaba inajikuta peke yake, inashuka kitini, na Busia inachaguliwa.

Ilitokea mara nyingi. Kila mara Nekesa alinipigia simu akicheka.

"Wewe Mganda, umevuka boda tena bila pasi? Rudi nyumbani bwana, kiti nimekikalia mimi!"

Nilicheka naye. Lakini moyoni nilikuwa naungua.

Mkurugenzi wetu, mama mmoja tuliyemwita Madam, ofisi yake ilikuwa Malaba, ukuta mmoja na yangu. Alikuwa na kioo cha kompyuta ukutani kinachoonyesha mwenyekiti ni nani. Yeye hakuelewa habari za minara. Aliona tu Malaba inaanguka na Busia inasimama. Siku moja kwenye kikao, mbele ya madereva na akina mama wa afya, alitangaza kwamba mmoja wetu atafanywa fundi mkuu. Kisha akanitazama, akasema, "Amoit, hiki kituo chako kinatuaibisha. Mwenzako anaweza, wewe unashindwa na nini?"

Watu waliinamisha vichwa. Nekesa alijaribu kunitetea, akaanza kueleza habari ya mtandao, na utetezi wake ukaniuma kuliko yale matusi. Mbona anitetee kana kwamba mimi ni mtoto?

Wakati huo Nekesa alikuwa mjamzito. Alikuwa ameolewa miaka saba bila mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na maneno ya watu mnayajua yalivyo. Hii ya tatu ilipofika mwezi wa nane, akachukua likizo akaenda kukaa kwa mama mkwe wake Khunyangu. Kabla hajaondoka alinikabidhi funguo za Busia na za kile chumba cha Nambale ambacho hakikuwa na fundi.

"Niangalilie hizi mashine, dada," aliniambia. "Wewe tu ndio naamini."

Wiki ile ile nikafanya nilichofanya.

Nilifungua programu ya Malaba, nikatafuta ile sheria ya kushuka kitini, nikaifuta. Mstari mmoja tu! Halafu Malaba nikaipa namba kubwa kuliko wenzake, ili ikirudi hewani wengine waipishe bila maswali. Kuanzia saa hiyo mashine yangu haikushuka tena. Hata ikikatika na dunia nzima, kioo cha Madam kilionyesha jina moja: Malaba, Malaba, Malaba.

Je, sikujua hatari yake? Nilijua! Hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo. Nilijua kwamba Malaba ikikatika, Busia na Nambale zitachagua mwenyekiti wao, na huku wangu bado amekaa. Wenyeviti wawili, gari moja. Lakini nilijiambia kwamba mtandao ukikatika hurudi baada ya dakika chache. Dakika chache zitaleta madhara gani?

Na kweli, siku zilipita bila neno. Madam akaanza kunisalimia kwa jina. Asubuhi moja akanigonga begani akasema, "Sasa naona umeamka. Cheo hicho nitakupa."

Mwenzenu nikavimba kichwa.

Kisha ikaja ile Jumatatu... Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, na stima ikapotea upande wetu wote. Ofisini tulikuwa na jenereta. Nilipofika saa mbili nilitazama modemu nikaona jina la mtandao wa Uganda. Sawa, nikasema, itarudi. Saa tatu bado. Saa nne bado.

Ningeweza kumpigia dereva wa ambulensi nikauliza gari liko wapi. Ningeweza kuzima mashine yangu nikakubali tu kwamba leo sisikii mtu. Lakini siku hiyo Madam alikuwa na wageni, wafadhili waliotoka Nairobi, na alikuwa amenitaka nije niwaeleze jinsi kompyuta zetu zinavyochaguana. Ningewaonyesha nini, kiti kitupu?

Nikavaa blauzi yangu nzuri nikasimama mbele ya kile kioo. Nikawaeleza habari za kura, habari za salamu, habari za mwenyekiti mmoja tu. Wageni wakatikisa vichwa kwa furaha. Mmoja akauliza, na je, hawawezi kutokea wawili kwa wakati mmoja? Nikamjibu bila hata kumeza mate kwamba haiwezekani.

Ee Mungu wangu, ulimi huu!

Saa hiyo hiyo, huko Khunyangu, Nekesa alikuwa ameanza kutokwa na damu. Mama wa afya wa pale alituma ujumbe Busia. Busia, ambayo ilikuwa imechaguliwa kwa haki na Nambale, ikatuma ambulensi. Dereva alikuwa Mzee Egesa, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, ambaye hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Aliwasha gari akakimbia.

Na saa hiyo hiyo Malaba ikapokea ujumbe kutoka Chakol, kwamba kuna mama amezidiwa na uchungu. Mwenyekiti wangu, aliyekuwa hasikii mtu yeyote, aliamini ambulensi haina kazi. Akamtumia Mzee Egesa amri: nenda Chakol.

Mzee alikuwa amefika Bumala, pale njia panda, anataka kukata kona kuingia upande wa Butula. Akasoma amri, akasimamisha gari, akanipigia simu.

Nilipokea nikiwa mbele ya wageni. Nakumbuka kila neno.

"Madam Amoit, mimi nilitumwa Khunyangu kubeba mama, hali yake ni mbaya. Sasa hii simu inaniambia niende Chakol. Niko hapa Bumala, karibu nifike. Nifuate gani?"

Wageni walikuwa wananitazama. Madam alikuwa ananitazama. Kama ningeacha maelezo nikaenda kuuliza, wote wangejua kwamba mashine yangu haijui gari liko wapi.

"Mzee, fuata mwenyekiti," nikanong'ona, nimewapa wote kisogo wasisikie. "Amri ya mwisho ndiyo ya kweli. Mashine haikosei."

"Sasa huyu wa Khunyangu?"

"Atatumiwa boda boda."

Halafu akasema, "Sawa, madam. Wewe ndio unajua." Akageuza gari.

Nilisikia neno Khunyangu, wasomaji wenzangu. Nisiwadanganye. Nililisikia mara mbili! Na nilijua ni nani yuko Khunyangu mwenye mimba ya mwezi wa tisa. Lakini niliisukuma fikra hiyo pembeni, nikawageukia wageni nikatabasamu...

Hakuna mwingine aliyetumwa. Busia ilijua gari liko njiani, kwa hiyo ilitulia, na kila mama wa afya alipotuma ujumbe tena ilimjibu hivyo hivyo. Nekesa alilazwa kwenye mkeka barazani akisubiri. Mama mkwe wake alisimama barabarani na leso kichwani, akisikiliza kila gari linalopita. Walisubiri zaidi ya saa mbili. Mwishowe majirani walimpakia kwenye boda boda, katikati ya dereva na shemeji yake, na barabara ilikuwa matope matupu.

Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa amekwisha kufa. Nekesa mwenyewe aliponea chupuchupu, lakini ili kumwokoa madaktari walimtoa kizazi.

Na yule mama wa Chakol? Uchungu wake ulitulia, akajifungua salama baada ya siku tatu. Wala hakuhitaji ambulensi.

Nilipata habari saa kumi jioni. Je, nililia? Nililia. Lakini kabla ya kulia nilirudisha ule mstari nilioufuta. Kisha nikafuta kumbukumbu zote za siku hiyo kwenye mashine ya Malaba. Huyo ndiye mimi.

Madam alipouliza, nilikuwa na jibu tayari. Nilisema ule ujumbe wa Chakol ulikuwa wa zamani, ukacheleweshwa na mtandao wa Uganda, na kwamba dereva alipaswa kuangalia ujumbe ni wa saa ngapi kabla ya kugeuza gari.

Mzee Egesa aliletwa mbele yetu. Akasema, "Lakini nilimpigia huyu binti, na ndiye aliniambia nigeuke."

Nikamtazama machoni nikasema alinipigia kuuliza habari ya dizeli.

Hakupigana. Alivua kofia yake ya kazi akaiweka juu ya meza, akasema, "Haya. Mungu yuko." Akaachishwa kazi siku hiyo. Kijijini kwao watu wakamwita muuaji wa watoto. Kanisani, akikaa kwenye benchi, wengine wanahama.

Na mimi? Mimi nikafanywa fundi mkuu!

Nilikwenda Khunyangu kutoa pole. Nilibeba sukari, unga na majani chai. Nilipomwona Nekesa amekaa kitandani, maziwa yamelowesha kanga yake na hakuna wa kunyonya, nikaanguka magotini. Mnajua alifanya nini? Alininyanyua. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga ile ile.

"Usilie hivyo, dada," akaniambia. "Si wewe. Ni Mungu ndiye ameamua."

Ningeweza kusema pale pale. Nikala chakula chao, nikarudi Malaba.

Miezi ikapita. Nilikonda mpaka mama yangu akadhani nina ugonjwa. Kila modemu ilipodakwa na Uganda, kengele ikalia, niliziba masikio kwa viganja. Nilikuwa na cheo, nilikuwa na meza kubwa, na sikuwa na amani hata ya kunywa chai.

Waswahili walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kama kutoka Malaba hadi Nambale. Nilikuwa nimefuta kumbukumbu za Malaba, lakini nilisahau kwamba kila mashine huandika daftari lake la uchaguzi. Kile chumba cha Nambale ambacho hakuna aliyekijali kilikuwa na mashine iliyoandika kila kitu, sekunde kwa sekunde. Malaba haisikiki. Busia imechaguliwa. Malaba imerudi, inadai haikuwahi kushuka.

Nekesa aliporudi kazini hakutafuta mkosaji. Alitaka tu kujua saa za mwisho za mtoto wake zilikwendaje. Alikwenda Nambale peke yake, akakaa kwenye kile chumba siku nzima, akasoma. Sheria ya kushuka aliiandika yeye. Nani angemdanganya?

Alikuja ofisini kwangu siku ya soko, asubuhi. Alifunga mlango, akakaa, akaweka mikono mapajani. Hakuwa na hasira usoni. Ningeomba awe nayo.

"Amoit, uliifuta?"

"Nini?"

"Usiniulize nini."

Nikainamisha kichwa. Nje, tandiboi wa lori alikuwa anapiga kelele watu wapishe. Nikasema, "Niliifuta."

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Mzee Egesa alikupigia, ama hakukupigia?"

"Alinipigia."

"Akasema ni Khunyangu?"

Machozi yalikuwa yananitiririka hadi shingoni. Akainuka. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Mtoto wangu nilishamzika," akasema. "Huyo huwezi kunirudishia hata ukilia mwaka mzima. Lakini yule mzee bado ako hai na mmemzika. Enda umfukue. Ukitoka hapo, usinitafute."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyowahi kuniambia.

Siku hiyo hiyo niliingia kwa Madam nikasema yote. Nilifukuzwa kazi kabla ya saa sita, na ilikuwa haki. Kisha nikaomba jambo moja, niruhusiwe kusimama kanisani kwao Mzee Egesa. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu wake nikawaambia: huyu mzee alinipigia simu, akauliza, na mimi ndiye niliyemgeuza. Watu waliguna. Mama mmoja alinitemea mate miguuni, na sikuyafuta.

Shirika lilimwita Mzee arudi kwenye gari lake. Alikataa. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha, nikamkuta anapalilia mihogo. Alinipa kiti cha mbao, yeye akabaki amesimama na jembe.

"Msamaha nimekupa," akasema. "Lakini gari siwezi tena. Kila nikiota niko Bumala kwa ile njia panda, mguu unakataa kukanyaga mafuta. Mimi nilikuwa na macho yangu, binti yangu. Nilikuwa karibu na yule mama. Nikaacha kuamini macho, nikaamini sauti yako."

Nilirudi nyumbani kwa miguu mpaka giza likanikuta, na sikuhisi kuchoka.

Wasomaji wenzangu, sikuandika haya ili mnionee huruma. Majuto ni mjukuu, na wangu nimempakata kila siku. Ninaandika kwa sababu wengi wetu tuna viti. Wewe unaongoza chama, wewe unaongoza kwaya, wewe ni mkubwa wa nyumba yako. Siku utakapogundua kwamba huwasikii tena wale unaowaamrisha, usijitie kujua. Sema, sijui, ngoja niulize! Ingenichukua dakika moja tu. Aibu yake ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Na ndugu yangu, usimwonee wivu mtu aliyekaa na mama yako jikoni siku ya msiba. Hutampata wa pili.

Nasikia kule Khunyangu wamepanda maua kwenye kaburi la mtoto, na Nekesa huenda kuyamwagilia mwenyewe. Nasema nasikia, kwa sababu mimi sijawahi kuliona. Nilituma mtu aniombee ruhusa ya kufika hata mara moja, nipige magoti tu niondoke. Jibu lililorudi lilikuwa la mama mkwe wake, yule aliyesimama barabarani siku ile akisikiliza magari. Alisema nimwambie Mungu, kwa sababu wao walishanisubiri vya kutosha.